Saratani Mbali na Lami

Mazungumzo ya saratani nchini Tanzania hayachelewi kufika kwenye mashine. Zipo ngapi, ngapi ni mbovu, mpya inakuja lini. Yana haki yake. Kwa miongo kadhaa Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye majengo yale ya enzi za Wajerumani ufukweni Dar es Salaam, ndiyo ilikuwa sehemu pekee nchi nzima ambako mgonjwa angeweza kupata tiba ya mionzi. Sasa Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo inatoa mionzi, Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha saratani, na Ocean Road yenyewe ina vifaa ambavyo miaka ishirini iliyopita tulikuwa tukisikia kwamba viko India.

Lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na karibu theluthi mbili yao wako vijijini. Kwa mtu wa Kakonko, Nkasi au Tunduru, mashine ni wiki tano au sita ndani ya ugonjwa wa mwaka mmoja, miwili, pengine mitatu. Muda uliobaki, wa kabla na wa baada, anaumalizia kwake, kati ya shamba, zahanati, jirani na kitanda. Huko ndiko yanakoamuliwa mengi kuhusu kupona kwake, na huko ndiko mfumo wetu wa afya unakojua kidogo kuliko kwingine kote.

Hata takwimu zenyewe zinalisema hilo kwa njia ya kuzunguka. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000. Vifo viwili kwa kila wagonjwa wapya watatu. Huo si uwiano kamili wa kupona na kutopona, kwa kuwa waliokufa mwaka huo si wote waliogundulika mwaka huo, ila unatosha kuonyesha kwamba watu wanafika hospitali wakiwa wamechelewa sana. Tena neno lenye uzito hapo ni "lilikadiria". Bibi aliyefia nyumbani Buhigwe akiwa na uvimbe usiopimwa hayumo kwenye rejesta yoyote. Ameingizwa kwa hesabu za makadirio tu.

Tuanze mahali ugonjwa unapoanzia. Kijijini ugonjwa hupimwa kwa mambo mawili: unauma au hauumi, unakuzuia kushika jembe au haukuzuii. Saratani nyingi zinafaulu mitihani yote miwili kwa muda mrefu. Kivimbe kwenye titi hakiumi, kwa hiyo mama anakiacha mpaka mavuno yaishe. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuua wanawake nchini, huanza kwa damu inayotoka baada ya tendo la ndoa au kwa uchafu usio wa kawaida, na hayo ni mambo ambayo mwanamke hawezi kumweleza tabibu kijana aliyemaliza chuo juzi, ambaye huenda ni mtoto wa shemeji yake. Akijikaza akaeleza, ataandikiwa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo. Zikiisha bila nafuu, ataandikiwa nyingine.

Saratani ya koo la chakula ina hadithi yake. Kuna ukanda mrefu upande wa mashariki mwa Afrika, unaopita Kenya, Tanzania na Malawi kuelekea kusini, ambako ugonjwa huu unaonekana kwa wingi kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia. Watafiti wanachunguza vinywaji vya moto sana, pombe, tumbaku, moshi wa jikoni na upungufu wa virutubisho, na hakuna hata kimoja kinachoeleza yote. Mgonjwa mwenyewe anaanza kwa kusema ugali unakwama kifuani. Anapewa dawa za vidonda vya tumbo. Anaacha ugali, anahamia wali laini, kutoka hapo uji, na baadaye uji nao unarudi. Katika Kaunti ya Bomet nchini Kenya, Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishenari, imepata sifa ya kimataifa kwa kuwawekea wagonjwa wa namna hii kijimrija cha kufungua koo ili waweze kumeza tena. Hakiponyi. Kinamrudishia mtu uwezo wa kula pamoja na familia yake kwa miezi aliyobakiwa nayo, na kwangu hiyo ni tiba kamili ya jambo moja. Ila ukisikia hospitali inasifika kwa kurudisha uwezo wa kumeza, jua pia kwamba wengi wanaoingia mlangoni mwake wamekwishafika hatua ya maji tu.

Ni rahisi hapa kumlaumu mtu wa zahanati, na lawama hiyo naiona haina uadilifu. Zahanati ya kijiji imejengwa kwa ajili ya malaria, uzazi, chanjo na kuhara kwa watoto. Tabibu wake anaona homa kila siku, na mgonjwa wa saratani labda mmoja baada ya muda mrefu, asimtambue. Hata akimtambua, alicho nacho mkononi ni barua ya rufaa. Barua inampeleka mgonjwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, huko anapewa nyingine ya hospitali ya rufaa ya mkoa, na mkoani ndipo pengine anakatwa kinyama cha kupimwa. Kinyama chenyewe kinasafirishwa, kwa sababu wataalamu wa kusoma vipimo hivyo ni wachache na wengi wako kwenye hospitali kubwa. Mgonjwa anaambiwa arudi nyumbani asubiri kupigiwa. Simu aliyoandikisha ni ya mtoto wake anayefanya kazi machimboni Geita. Majibu yakitoka, laini imeshabadilishwa.

Kila hatua ya hiyo rufaa ni nauli ya watu wawili, maana mgonjwa hasafiri peke yake. Ni siku za kulala kwenye korido au kwa ndugu wa mbali, na ni siku ambazo shamba halina mtu. Wanaoandika ripoti huita hali hii "kuchelewa kwa mgonjwa". Ukizihesabu siku hizo kwa makini utakuta sehemu kubwa ya kuchelewa imetokea baada ya yeye kuwa ameshatoka nyumbani kutafuta msaada.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwelezea mganga wa kienyeji kwa neno moja, ujinga. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilienda kilomita na kilomita. Walikwenda wakulima, walikwenda wasomi, wakaenda hata viongozi wa serikali. Wagonjwa wa saratani walikuwamo, na wapo walioacha dozi zao hospitalini kwa imani kwamba wamepona. Kikombe hakikutibu saratani. Kilichowavuta watu ni jambo jingine ambalo hospitali ingefaa kulitazama bila dharau: bei ilijulikana na ilikuwa moja kwa wote, tiba ilikamilika siku hiyo hiyo, na hakuna aliyeambiwa alete barua. Mganga wa kijijini naye ana sifa hizohizo. Yuko karibu, anakubali kuku au deni, na anakuambia ugonjwa umetoka wapi na nani kautuma. Jibu la mwisho hilo ni la uongo na mara nyingine ni la hatari, hasa kwa wajane na mawifi wanaotajwa. Ila ni jibu, na linapatikana jioni ileile.

Kuishi mahali padogo kuna sura mbili kwa mgonjwa, na watu wa mjini huona ile nzuri tu. Ni kweli kwamba majirani hulima shamba la mgonjwa, kikundi cha kuweka na kukopa humtolea fedha ya jamii, kanisa hupitisha bahasha na msikiti hukusanya sadaka. Mjini unaweza kufa, jirani yako wa ukuta asijue. Lakini kijijini hakuna siri. Muuguzi anayekuhudumia mnateka maji pamoja, na kabla hujafika nyumbani kutoka kwenye kipimo, habari imekwishakufikia. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokomaa hutoa harufu ambayo kanga tatu haziwezi kuificha. Huacha kwenda ibadani mwenyewe, bila kufukuzwa. Huhamia chumba cha nyuma. Mume mwingine hukaa naye na kumwosha, mwingine huoa. Wapo wanaotengewa sahani na kikombe kwa imani kwamba ugonjwa unaambukiza.

Na ule mchango wenyewe una kikomo ambacho hatukitaji. Utaratibu wetu wa kuchangiana umetengenezwa kwa ajili ya tukio: harusi, msiba, ajali. Watu hutoa mara moja, kwa moyo, kisha tukio hupita. Saratani si tukio. Safari ya kwanza ya kwenda Bugando itachangiwa vizuri, ya pili itachangiwa kwa shida, na kwenye ya tatu mwenyekiti wa kitongoji atakwepa macho yako. Hapo ndipo ng'ombe huuzwa, na baada ya ng'ombe, kipande cha shamba. Familia nyingi hufikia mahali pa kumpima mgonjwa mmoja dhidi ya ada za watoto watatu. Mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe anayeamua, kwa kusema tu kwamba anajisikia nafuu na haoni haja ya kurudi.

Bima ingepaswa kuingia hapo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwapa wakulima kitu cha maana: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na matibabu kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Tatizo lilikuwa kwamba hospitali ya mkoa ndipo tiba ya saratani inapoanzia, kwa hiyo kadi iligota palepale ugonjwa unapoanza kuwa ghali. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Mtu wa kijijini ataipima kwa swali moja: itavuka mpaka wa mkoa pamoja naye, au itamwacha kituo cha basi? Maana hata pale matibabu yenyewe yanapotolewa kwa msamaha, baada ya barua ya mtendaji wa kijiji na mahojiano na afisa ustawi wa jamii, hakuna msamaha wa nauli, wa chakula wala wa pa kulala. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi, kisha mionzi ya ndani. Wiki tano za kuamka alfajiri Mbagala kwa mtoto wa dada na kugombania daladala ukiwa unatapika. Zikiangukia mwezi wa kupanda, mwaka unaofuata una njaa ndani yake.

Kwa watoto tunaona wazi kwamba tatizo kubwa ni gharama hizo za nje ya tiba na si ukaidi wa wazazi. Saratani ya taya inayoitwa Burkitt, iliyopewa jina la daktari aliyeielezea akiwa Uganda mwaka 1958, huwapata sana watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, Kanda ya Ziwa ikiwamo. Inaitikia dawa haraka: uso uliovimba hupungua ndani ya siku chache. Uzuri huo ndio mtego wake, kwa kuwa mzazi akiuona uso umerudi hurudi naye nyumbani kabla ya dozi kuisha. Shirika la Tumaini la Maisha, linalofanya kazi na Hospitali ya Muhimbili, liliamua kugharimia mambo ambayo hayaitwi tiba: malazi ya mtoto na mlezi, chakula na nauli, pamoja na dawa. Mzazi aliyehakikishiwa pa kulala na tiketi ya kurudi hana sababu nyingi za kutoroka.

Ukitazama kwa makini, mafanikio tuliyonayo vijijini yanafanana katika jambo moja: huduma ndiyo iliyosafiri. Chukua watu wenye ualbino. Kwao jua la shambani ni sumu ya kila siku, na saratani ya ngozi imekuwa ikiwaondoa wakiwa vijana, wengi kabla ya miaka 40. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, hakikungoja waje. Kiliandaa kliniki tembezi zinazofika wilayani kukagua ngozi, kuondoa madoa yanayoelekea kubaya yakiwa bado madogo, na kugawa mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa palepale Moshi kwa jina la Kilisun. Doa lililoondolewa kwa dakika chache chini ya mwembe wa shule halihitaji wiki tano za Dar es Salaam. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilifuata njia hiyohiyo. Tangu 2018 imetolewa nchi nzima, kwanza kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14 na kuwa dozi moja. Ilikwenda shuleni waliko wasichana, na wasichana wakachanjwa. Uvumi wa kuharibu vizazi ulikuwapo, ila ulibishwa na mwalimu na muuguzi wanaofahamika kwa majina.

Kampeni ya madaktari bingwa wanaopelekwa katika hospitali za wilaya, iliyoanza mwaka 2024 kwa jina la Rais Samia, ina wazo zuri la aina hiyo, na imewapunguzia wengi safari. Shaka yangu ni moja. Bingwa anakaa wiki moja, anagundua uvimbe, anaondoka. Anayebaki na mgonjwa ni tabibu yuleyule wa jana.

Sehemu inayozungumzwa kidogo kuliko zote ni kurudi nyumbani. Mgonjwa aliyeambiwa hospitalini kwamba hakuna zaidi la kufanya, au aliyeambiwa kwa fumbo kwamba "apumzike nyumbani", anarudi kijijini akiwa na faili la hospitali ambalo zahanati haijawahi kuliona. Barua ya rufaa ilikwenda juu ngazi nne. Ya kushuka ni nadra kuandikwa. Tabibu wa kijiji anaitwa usiku kwa mtu anayelia kwa maumivu, na kabatini ana paracetamol na diclofenac.

Dawa ya maumivu hayo ipo, ni ya zamani na si ghali: mofini ya maji, inayotengenezwa kwa poda na kunywewa kwa kijiko. Dr. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, aliijenga juu ya chupa hiyo, kwa imani kwamba mtu anaweza kuondoka duniani akiwa kitandani kwake bila kupiga kelele. Jambo kubwa zaidi lilifuata baada ya miaka kumi hivi, pale sheria ya Uganda iliporuhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Madaktari wilayani ni wachache, muuguzi yuko kila mahali. Tanzania nayo ina mifano yake mizuri. Selian mjini Arusha na Muheza mkoani Tanga, hospitali zenye mizizi ya kanisa, zimekuwa na timu za tiba shufaa, yaani ya kumpa nafuu asiyeweza kuponywa, zinazowafuata wagonjwa majumbani, na Kanisa la Kilutheri limesambaza mtindo huo katika hospitali zake kadhaa. Ukiwa nje ya maeneo hayo, chupa ya mofini kwenye zahanati ni bahati. Wapo wahudumu wanaoiogopa zaidi ya wanavyoyaogopa maumivu, kwa hofu ya uraibu, kana kwamba mtu aliyebakiwa na wiki sita ana muda wa kuwa teja.

Kuna hesabu nyingine ambayo haimo katika mwongozo wowote wa wizara, lakini ndugu wa wagonjwa wanaijua. Kumsafirisha mgonjwa kutoka Dar es Salaam hadi Kagera ni tiketi za basi. Kuusafirisha mwili ni jeneza, gari la kukodi na mafuta ya zaidi ya kilomita elfu moja, fedha ambazo zinaweza kuzidi gharama zote za matibabu yaliyotangulia. Basi familia humtoa mgonjwa wodini angali na nguvu ya kukaa kwenye kiti. Kwenye faili huandikwa kwamba ameacha tiba.

Je, tiba kubwa inaweza kukaa kijijini? Rwanda ilijaribu. Mwaka 2012 ilifungua kituo cha saratani Butaro, wilaya ya Burera, milimani karibu na mpaka wa Uganda, kwa ushirikiano na shirika la Partners In Health. Dawa za dripu zilitolewa na madaktari wa kawaida na wauguzi waliofundishwa, wakishauriana kwa mbali na mabingwa wa Boston. Wengi walidhani haitawezekana, ikawezekana. Mionzi haikuwezekana, na kwa miaka kadhaa wagonjwa walilazimika kupelekwa nje ya nchi, Uganda ikiwamo, mpaka mwaka 2016 mashine pekee ya hospitali ya Mulago, Kampala, ilipoharibika na kuiacha hata Uganda yenyewe bila mionzi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo yapo yanayoweza kuhamia kijijini na yapo yasiyoweza. Mashine ya mionzi inataka umeme usiokatika, mafundi na wanafizikia, na itabaki kwenye miji michache. Kugundua mapema, kufuatilia majibu, kubadilisha vidonda na kutuliza maumivu havidai hata kimoja cha hivyo.

Tanzania ilikwishaanza kuandaa watu wa kuifanya kazi hiyo, ila haikuwakabidhi. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 ulilenga kuwapata zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, wanaoishi katika vitongoji wanavyovihudumia. Mkazo wao uko kwa mama na mtoto, lishe, malaria, kifua kikuu na UKIMWI. Ukiongeza maswali manne ya kuuliza kila nyumba, yaani damu isiyo ya kawaida, kivimbe, chakula kinachokwama na uso wa mtoto uliovimba, ukawapa orodha ya walioenda kupima na bado wanasubiri majibu, na ukaamuru kila hospitali ya kanda iandike barua ya kushuka kwa mhudumu mwenye jina na namba, utakuwa umetumia fedha za semina na za muda wa maongezi. Sheria ya nani aandike mofini ni kazi ya Bunge na wizara, na mfano wake uko ng'ambo tu ya mpaka, Uganda.